Dada Maswali, muuguzi anayeifunga huruma yake ili dawa ipimwe

Saa moja na nusu asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajafika, mwanamke mmoja amekaa peke yake katika chumba chenye meza na viti viwili, anajisikiliza mwenyewe. Kinasa sauti kilicho mezani kinamrudishia maneno aliyoyasema jana: "Wiki hii iliyopita, hamu yako ya kula imekuwaje?" Anabonyeza, anarudisha nyuma, anasikiliza tena.

"Umesikia hapo?" anamuuliza mwandishi wa makala haya. "Hapo kwenye 'imekuwaje' nimebembeleza. Sauti imelainika. Nimekosea."

Mwandishi hajasikia chochote zaidi ya muuguzi mwenye adabu zake. Lakini yeye tayari ameshaliandika kosa lake kwenye daftari, pamoja na tarehe.

Ana miaka arobaini na saba. Hospitali nzima inamwita Dada Maswali, kwa sababu kazi yake ni kuuliza maswali kumi, yale yale, kwa mpangilio ule ule, kila wiki, kwa watu walio katika majaribio ya dawa mpya ya sonona. Huo ni ule ugonjwa unaomnyang'anya mtu furaha, usingizi na nguvu kwa miezi, hata miaka, huku majirani wakisema ni mvivu.

Nusu ya washiriki wanameza dawa mpya. Nusu nyingine wanameza vidonge bandia, rangi ile ile, ukubwa ule ule, ndani unga mtupu. Wote walielezwa hivyo kabla ya kutia saini. Nani anameza nini, mshiriki hajui, daktari hajui, na Dada Maswali hajui. Siri iko kwenye bahasha zilizofungwa. Majibu ya maswali kumi hupewa alama, na alama zikishuka maana yake mtu anapata nafuu.

"Kazi nyepesi, au siyo?" anasema. "Uliza, andika, sema asante. Basi kazi hiyo nyepesi iliwahi kunishinda."

Kabla ya hapo alikuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili kwa miaka ishirini na mmoja, na kwa maelezo yake mwenyewe, wodini humo yeye ndiye aliyekuwa redio. Alipiga soga na kila mtu, alitania hata waliokataa kufumbua macho. Alipohamishiwa utafiti wa kwanza, miaka minne iliyopita, alikuja na tabia zake zote na chupa ya chai juu.

Mshiriki alipoingia, aliulizwa kwanza habari za watoto. Akamiminiwa chai. Akilia, alishikwa mkono. Akimaliza, alisindikizwa hadi getini, na katikati ya wiki akapigiwa simu. Ni muuguzi, ulitaka afanye nini?

Mwezi wa tano wa utafiti huo, daktari mkuu alimwita ofisini. Mazungumzo yao anayakumbuka neno kwa neno, na anayaigiza kwa sauti mbili.

"Sista, watu wako wanapona."

"Si ndicho tunachotaka, Daktari?"

"Ishirini na sita kati ya ishirini na wanane."

"Mungu mkubwa!"

"Sista, nusu yao wanameza unga."

Leo anacheka hadi machozi. Siku ile alitamani ardhi ipasuke immeze. Daktari alimweleza taratibu: mgonjwa wa sonona ambaye nyumbani hana wa kumsikiliza, ukimpa saa moja ya upendo kila wiki, anaamka kidogo, angalau kwa muda. Kwake ni heri. Lakini aliyemeza dawa na aliyemeza unga wakiamka sawasawa, huwezi tena kujua dawa imefanya nini.

Utafiti ulipofungwa, tofauti kati ya dawa na vidonge bandia ilikuwa ndogo mno. Dawa ikawekwa kando.

"Huenda ilikuwa dawa dhaifu tu," anasema daktari huyo. "Na vyumba vya maswali vilikuwa vitatu, si kimoja. Tena sisi ndio hatukumfundisha. Nimemwambia mara mia, lakini hanisikii."

Hasikii kwa sababu ya mdogo wake. Ni mshonaji, amepishana naye miaka saba, na amekuwa akiishi kwa dada yake tangu sonona ilipomwangusha miaka tisa iliyopita. Amejaribu dawa tatu. Ya kwanza ilimlaza mchana kutwa. Ya pili ilimtetemesha mikono, na mshonaji wa kutetemeka mikono atashona nini? Ya tatu haikumfanyia lolote, baya wala jema. Kuingia kwenye utafiti haruhusiwi, kwa kuwa ni ndugu wa mfanyakazi. Kilichobaki ni kungoja dawa nyingine ipite majaribio.

"Nilipoambiwa ile imewekwa kando, nilijifungia chooni nikalia," anasema Dada Maswali. "Nikajiambia, wewe mwanamke, pengine umemnyima mdogo wako dawa yake kwa sababu ya chupa ya chai."

Mwingine angeomba kurudi wodini. Yeye, ulipoanza utafiti wa pili wa dawa nyingine, aliomba kubaki, akakaa darasani wiki sita akijifunza upya kusema "habari ya asubuhi". Sasa salamu ni moja. Chai hakuna, simu hakuna. Kila asubuhi anajisikiliza.

Kuna mahali pamoja tu ambapo kanuni zote zinavunjwa. Swali la kumi linauliza kama mtu amewahi kufikiria kufa. Jibu likitia shaka hata kidogo, kalamu inawekwa chini, daktari anaitwa papo hapo, na mgonjwa haondoki peke yake. "Hapo utafiti umekwisha," anasema. "Hapo mimi ni muuguzi." Mwaka huu imetokea mara nne. Wote wanne wako hai na wanatibiwa kwa njia ya kawaida.

Fundi mmoja wa kuchomelea, aliyemaliza zamu yake ya utafiti na kukubali kuzungumza, anamkumbuka kwa namna yake.

"Mimi nilidhani ananidharau," anasema. "Namwambia mke wangu ameondoka, yeye ananijibu, 'Asante. Swali la tano.' Nikasema huyu mama ana moyo wa chuma! Siku ya mwisho nimeshatoka nje, nasikia mtu ananikimbilia. Ni yeye. Kanishika mkono, kaniambia, 'Kaka, pole sana na ya mke wako.' Miezi minne alikuwa ameibana hiyo pole."

Daktari mkuu anasema alama za chumba chake sasa zinapanda na kushuka kama za vyumba vingine, na kwamba hajawahi kuona mtu mwenye huruma nyingi hivyo akiitawala hivyo. Mwandishi, aliyekalishwa kwenye kile kiti cha pili na kuulizwa maswali yote kumi kwa majaribio, anakiri alitoka akiwa ametamani sana kutabasamiwa.

Saa kumi alasiri, nyumbani, ni mtu mwingine. Mdogo wake leo hajaamka vizuri. Cherehani imefunikwa na yeye bado amevaa nguo za kulalia. Dada Maswali anaketi kitandani nyuma yake, anamchana nywele, anamwaga umbea wa mtaa mzima bila kupumua. Mdogo mtu anasikiliza, mara moja moja anaguna.

Bahasha zitafunguliwa baada ya miezi miwili. Ikionekana dawa inafanya kazi, itabidi ijaribiwe tena kwa watu wengi zaidi, na Dada Maswali ameshajiandikisha kwa awamu hiyo pia.

"Naomba ifanye kazi," anasema. "Lakini iwe ni dawa. Isiwe mimi."

"Na kama ni wewe?" anauliza mdogo wake, bila kugeuka.

Kitana kinasimama.

"Ingekuwa mimi natosha," anasema dada mtu, "wewe ungekuwa umepona zamani."

Mdogo wake anaupapasa mkono ulio nyuma ya kichwa chake, anaushika.

"Basi kesho usimchekee mtu, dada," anasema. "Hata mmoja."