Salamu za Mpiga Pasi

Nimefanya kazi na Gaber miaka kumi na mmoja, na kama kweli subira ina malipo, basi yangu yaanze kuletwa sasa hivi, maana nimechoka.

Gaber ni mpiga pasi wa uchochoro wetu, mtaa wa Gheit el-Enab, Aleksandria. Kibanda chake hakizidi upana wa kitanda. Anapiga pasi nguo za nyumba nzima nzima, na kila ukosi ameutia kiuzi cha rangi yake ili ajue ni wa nani. Haandiki, na hakosei. Akihesabu mashati uliyoleta wiki hii anajua kama umepata mchumba au umefukuzwa kazi. Jioni akishazima pasi anakuwa Mosmar, yaani Msumari, rapa wa andagraundi mwenye mistari mikali kuliko yeyote niliyewahi kumsikia hapa mjini. Mimi, Shehata, fundi simu, ndiye ninayemtengenezea midundo. Tunarekodi nyuma ya kibanda, magodoro yameegemezwa ukutani, na mvuke wa pasi unanilia nyaya zangu moja baada ya nyingine.

Tatizo la Gaber ni salamu. Kwetu sisi mtu akishika maiki, hata kwenye harusi ya jirani, anawataja watu wake kwanza. Sawa, ni adabu, sina ugomvi nayo. Lakini Gaber hawezi kusema "nawasalimu nyote" akamaliza. Lazima ataje jina kwa jina, ghorofa kwa ghorofa. Mwaka juzi tulipewa dakika kumi kwenye ukumbi wa vijana. Tisa alisalimia watu, ya kumi akawashukuru aliowasalimia. Tukashuka jukwaani bila kuimba hata mstari mmoja, na yeye anatabasamu jasho linamtiririka.

"Wewe una wazimu!" nilimwambia.

"Kaka, wewe hujui," akanijibu. "Wewe mtu akikununia, simu yake bado mbovu, atarudi tu. Mimi mtu akininunia anavaa shati lake na mikunjo yake, maisha yanaendelea."

Na hapo ana hoja, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Aliwahi kumsahau Haji Metwalli, mwenye bucha, kwenye harusi fulani. Kuanzia siku hiyo mke wa Gaber akienda kununua nyama anafungiwa mifupa na mafuta. Miezi minne! Mtu mzima aliyekwenda Makka.

Basi msimu uliopita tukaitwa kwenye tamasha, tamasha la kweli, lenye jukwaa na taa na watu kutoka Kairo. Wasanii wa andagraundi tulipangiwa saa kumi alasiri, jua bado linachoma, dakika kumi na mbili kila kundi, ukizidisha unazimiwa sauti. Mahali penyewe ni ghala la zamani la pamba kule Mina el-Basal, siku hizi halina paa, ghala lile lile ambamo baba yake Gaber alibeba marobota hadi mgongo ukakatika, akalala kitandani miaka saba, akafa. Gaber alikuwa ameandika wimbo juu yake. Ulimchukua miaka mitatu. Wimbo una dakika kumi kamili na haukatiki mahali, nilijaribu, haukatiki. Ungeimbwa pale, ndani ya ghala lile, au ungebaki nyuma ya kibanda na magodoro yetu.

Kwa hiyo za salamu zilibaki dakika mbili. Gaber akaniletea orodha yake kwenye kadibodi ya ndani ya shati: majina arobaini na matatu.

"Tisa," nikasema.

"Arobaini."

"Gaber, unataka kumwimbia baba yako au unataka kusoma sensa?"

Akanisogezea kadibodi. Nikachukua kalamu.

"Haji Metwalli?" akauliza.

"Huyo abaki. Mkeo amechoka na mifupa."

"Om Wael wa ghorofa ya tatu?"

"Huyo kata."

"Analeta mashati saba kwa wiki, mwanangu!"

"Kata!"

Nikafika namba kumi na nne: Om Shehata, yaani Mama Shehata. Mama yangu mzazi. Nikapitisha kalamu juu yake bila hata kupumua.

"Una uhakika?" Gaber akaniuliza, sauti imeshuka.

"Mama ataelewa. Endelea."

Siku yenyewe uchochoro mzima ulihamia Mina el-Basal, wazee kwa watoto, na vyakula vyao. Walikuja kusikia majina yao. Tusidanganyane, hakuna aliyekuja kwa ajili ya hip hop. Mama alisimama safu ya mbele kabisa, gauni lake jeusi la kuvaa kwenye shughuli za watu, lililonyooshwa na Gaber mwenyewe, mkoba ameukumbatia kifuani. Nilimwona anamwelekeza mwenzake kwa kidole: yule kwenye mashine ni mwanangu.

Gaber akasoma majina tisa. Kila linapotajwa panatokea shangwe kidogo, na mtu mmoja anasimama wima zaidi. La tisa likaisha. Maiki ikabaki mdomoni. Akaitazama ile safu ya mbele, na mimi uso ule naujua, ni uso wa mtu anayetaka kuongeza la kumi, na la kumi likipita hakuna wa kumzuia. Dakika ya pili ilikuwa inayoyoma. Nikabonyeza mdundo.

Akameza mate, akaanza.

*Wanasema pamba nyepesi, hao ni wa kuivaa,*
*muulize baba yangu, aliyeibeba ikamlaza.*

Watu wa Kairo waliokuwa wamekaa vivulini wakasimama. Kufikia kiitikio cha tatu walikuwa wanakiitika nao, watu nisiowajua, wanaliitika jina la mbeba marobota aliyekufa bila hata kupigwa picha. Nililia, sioni haya kusema. Tulimaliza sekunde sita kabla ya kuzimiwa. Nikadhani tumeshinda.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kesho yake kibandani zililetwa kanzu sita tu. Om Wael alipita na furushi lake kwenda kwa mpiga pasi wa ng'ambo ya reli ya tramu, anatembea polepole makusudi ili aonekane. Nyumbani nikawekewa ful, yale maharage yetu, yamepoa, bila mkate, bila neno.

"Mama, uliusikia wimbo?"

"Nilisikia majina tisa," akasema, akaingia jikoni.

Nilitamani kupiga kelele. Watu wazima, wana wajukuu, wamenuna kama watoto walionyimwa biskuti! Wimbo mzuri kuliko wote uliowahi kutoka Gheit el-Enab, na hakuna hata mmoja aliyeutaja.

Ijumaa baada ya swala Gaber akanigongea. Ameleta mkokoteni wa nguo, juu yake spika yangu ndogo na maiki.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa wale thelathini na wanne. Ulikata wewe, utasukuma wewe."

Nikasukuma. Kila mlango Gaber anataja jina, anachana mistari miwili ya papo kwa papo, tunasonga. Om Wael alitaka irudiwe kwa sababu dada yake wa Damanhur hakusikia vizuri kwenye simu. Mzee Shalabi akataka atajwe pamoja na marehemu punda wake, na Gaber, Mungu amsamehe, akamtaja punda. Jua linawaka, mikono inaniuma, na kila mtu anafungua mlango kwa madaha kana kwamba sisi ndio tuliochelewa.

Wa mwisho ulikuwa mlango wetu. Mama alikuwa amekwisha toka, amekunja mikono. Juu, madirisha yote wazi.

Gaber akavuta pumzi. "Salamu ziende kwa mama yetu sote, Om Shehata, mwenye..."

"Koma hapo, mwanangu," mama akasema. "Mpe huyu hiyo maiki."

"Mama, mimi sijui kuchana."

"Nani kakwambia uchane? Nisalimie."

Nikaishika. "Salamu kwa Om Shehata."

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Hiyo ni kazi niliyoifanya. Mimi nina jina."

Nikasikia masikio yanawaka. Kwetu jina la mama halitajwi mbele za watu. Shuleni mwenzio akilijua, amekumaliza. Mimi nililificha miaka sita, na siku moja nilipigana hadi jino likang'oka ili lisijulikane. Hata marehemu baba alimwita Om Shehata, akikasirika alimwita "wewe". Nilipomkata kwenye orodha nilijiambia ni heshima, mama hatajwi kwenye spika. Uongo mtupu. Nilimkata bila wasiwasi kwa sababu mtu kama Om Wael ana mpiga pasi mwingine wa kumkimbilia, lakini mama hana mwana mwingine.

"Gamalat," nikasema.

"Sauti ndogo. Kule jukwaani mlikuwa mnapiga hivyo?"

Nikafungua sauti hadi mwisho. "Salamu kwa Gamalat!" Ikagonga kuta zote mbili za uchochoro. Gaber akainamisha kichwa, mpiga pasi anayemjua kila mtu. Jina hilo hakuwa nalo.

Kutoka ghorofa ya tatu Om Wael akachungulia, nguo mbichi mkononi.

"Kumbe unaitwa Gamalat! Miaka ishirini na sita tunakaa wote. Mbona hukuniambia?"

Mama akainua uso kumtazama.

"Uliniuliza lini?"