Sanduku la Kigong'ota

Térence alikuwa seremala wa Bujumbura, na mtu wa namna hiyo, jamani, hatoi kazi yenye makovu. Huko ugenini Glenwood, mwaka wa tisini na nane, tajiri wake, mama mmoja mfuga ndege, alimwagiza sanduku la kulalia kigong'ota jike kutoka Brazili, mwenye kishungi chekundu. Likikamilika, mama yule angemwandikia barua ya kazi. Bila barua, kibali chake cha kukaa nchini, kilichokwisha muda, kisingeongezwa. Miezi miwili hakuvuka geti, maana polisi walisimama pale kwenye robot, taa za barabarani, wakidai karatasi.

Basi akalipiga sanduku randa, akalisugua msasa nje na ndani mpaka likateleza kama sahani. Kifuniko akakiziba kwa gundi tupu, bila msumari, kwa sifa.

Asubuhi ndege akaingia kwa tundu la juu. Ko-ko-ko, ndani ya mbao ngumu. Saa ikapita. Ko... ko. Kisha kimya.

"Hatoki," alisema Ameir, mtunza ndege, Mzanzibari wa Chatsworth. "Kaka, umejenga jumba au kaburi?"

"Tundu iko kubwa! Atoke tu."

"Kwa ngazi gani? Njoo." Akamvuta kwenye kizimba cha tukani, wale wenye midomo kama ndizi. "Tazama miguu. Vidole viwili mbele, viwili nyuma. Huyu na kigong'ota ni ukoo mmoja, usidanganywe na pua. Ila yule wako hupanda, kucha kwenye gome, mkia nyuma umemtegemeza. Wewe umempa kioo!"

Térence akarudi mbio. Tajiri alikwisha kuanza kushuka ngazi za baraza, aje kuona kazi.

"Eish, usilivunje, mngoje akuambie mwenyewe," Ameir alinong'ona. "Barua yako je?"

Ndani kitu kilikwaruza, kikateleza, kikaanguka.

Térence akashika patasi. Pigo moja, la pili, kifuniko kikapasuka. Kigong'ota akachomoka, akajibandika kwenye shina la mti, akihema.

Mama yule alitazama vipande. Akasema kwa upole kabisa kwamba barua itangoja sanduku jingine.

Nje ya geti kondakta wa teksi, zile daladala za huko, aliita, "Pinetown! Pinetown!" Térence hakuinua kichwa. Alichukua ubao wenye gome, akaanza kuuchanjachanja upande wa ndani, na kila chale ilimuuma.