Kadi ya Babu Obed

Wifi yangu, Lavinia Thaxter, alikuwa na kadi za Valentaini mia nne na kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyotumwa kwake. Alilisema hilo mwenyewe kabla mgeni hajapata nafasi ya kulifikiria, kisha akamwambia mgeni akanawe mikono.

Kwa miaka thelathini na sita alipiga chapa barua za watu wengine katika ofisi ya kiwanda cha waya hapa Worcester. Jumamosi alikwenda kwenye minada ya nyumba ambazo wenyewe wameshafariki. Wengine waligombea saa na vijiko vya fedha. Yeye alipanda darini kutafuta maboksi ya kofia, maana ndimo wanawake wa zamani walimohifadhi kadi zao. Mume wangu Edmund alimtania dada yake kwamba anakusanya mapenzi ya marehemu.

"Ya walio hai hayatulii kwenye droo, kaka," Lavinia alimjibu.

Alizozipenda zaidi ni zile zilizotengenezwa hapa hapa mjini, enzi wasichana walipokaa kuzunguka meza ndefu, mmoja akikata picha, mwingine akipanga karatasi ya lasi, iliyotobolewa kama kitambaa cha kimia, wa tatu akiweka kipande chekundu au cha buluu chini ya lasi ili matundu yake yaonekane. Ubeti ulibandikwa ndani, kwenye karatasi ndogo. Mnunuzi asiyeupenda alichagua mwingine katika kijitabu, ukabandikwa juu ya ule wa kwanza.

"Kwa hiyo usifunue," Lavinia aliwaambia wageni. "Chini kuna uamuzi wa mtu. Lakini ukifunguka wenyewe, andika ulichokiona."

Kadi moja haikuwa ya mnada. Ilining'inia ndani ya fremu sebuleni, katika nyumba ya ukoo tuliyoishi sote: kadi ambayo Babu Obed, babu yao Edmund na Lavinia, alimpa Bibi Temperance Februari ya mwaka 1862, kabla ya kwenda vitani. Kila bibi harusi wa ukoo alipelekwa mbele yake. Nami nilipelekwa. Mama mkwe alinishika mkono akasema, "Katika nyumba hii mwanamume hupenda mara moja." Niliishi na Edmund miaka thelathini na moja, na sikupata sababu ya kutilia shaka neno lile.

Oktoba ya 1957 daktari alimwambia Lavinia kwamba moyo wake hautafika majira ya joto. Hakulia. Aliandika barua kwa maktaba ya mji kuwapa kadi zote, nao wakaahidi kuzionyesha Februari, ile ya babu ikiwa katikati. Akaitoa kwenye fremu aisafishe. Joto la chumba lilikuwa limekausha gundi ya miaka tisini na mitano, na ubeti ukaanguka mezani. Chini yake kulikuwa na ubeti mwingine, na maandishi ya babu: *Kwa Honora Brophy, Februari 1861.*

"Honora Brophy ndiye nani?" niliuliza.

"Binti wa Kiayalandi. Nina picha ya zamani ya wasichana wa ile meza, majina yao yameandikwa nyuma. Yeye ni wa tatu kutoka kushoto."

"Urudishe ubeti mahali pake, wifi. Yaishe."

"Umefunguka wenyewe. Nitaandika nilichokiona."

"Watu watasema Temperance alipewa makombo."

"Na waseme. Tangu mchungaji aoe mpishi wake, mji huu hauna habari."

"Wewe huna mtoto, Lavinia. Mimi nina wajukuu wanaobeba jina hili."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Ni kweli," alisema. "Mimi nina jina tu."

Nilipaswa kumwomba radhi pale pale. Badala yake nilingoja Alhamisi, siku yake ya kwenda kwa daktari, nikachukua chupa ya gundi kwenye meza ya marehemu Edmund, nikaubandika ubeti wa Temperance na kuukandamiza kwa kamusi. Lavinia aliporudi aliisikia harufu kabla hajavua koti. Asubuhi yake doa la kahawia lilikuwa limepenya beti zote mbili hadi kwenye lasi. Kilichokuwa siri sasa kilionekana kutoka mlangoni.

Hakunigombeza. Alilitazama doa, akanitazama mimi.

"Edmund alikuwa akisema umesoma kuliko sote, Eunice," alisema. "Siku ya somo la gundi hukwenda shule."

Kazi ya kubandua ilichukua siku tatu. Mimi nilishika birika la mvuke. Yeye alipitisha kisu cha mfupa, unywele kwa unywele, akipumzika mkono ukiwa kifuani. Siku ya tatu ubeti ulitoka. Aliugeuza mgongo akanionyesha, nje ya doa langu, alama za gundi ya kwanza: vitone vinne kwenye pembe, kila kimoja kama punje ya mtama.

"Babu alikuwa hawezi kubandika hata stempu ikakaa sawa," alisema. "Hivi ndivyo walivyobandika kwenye ile meza. Vitone vinne, karatasi isijikunje."

"Unasema Honora ndiye aliyembandikia?"

"Nasema ni mkono wa mezani. Zaidi ya hapo sijui, na wewe usijifanye unajua."

Aliishia hapo. Ila jioni ile, tukila maharage na mkate mweusi, aliniuliza kama nimemsamehe Temperance. Sikuelewa swali. Sasa nadhani nalielewa: nilikuwa nikimwonea aibu Temperance kwa kuwa wa pili, kana kwamba ni kosa lake.

Alifariki kwenye kiti chake tarehe ishirini na sita Januari. Lebo ya kadi ile alikuwa hajaiandika.

Mkutubi, Bwana Pelletier, alikuja na maboksi yake. Ni mtu mstaarabu. Aliliona doa, akaona beti mbili kando kando, akasema kwa sauti ya chini, "Bi Thaxter, hii mkipenda ibaki nyumbani. Hakuna atakayeuliza."

Niliomba kalamu. Niliandika:

*Obed Thaxter kwa Honora Brophy, 1861. Obed Thaxter kwa Temperance Lyford, 1862. Doa la gundi ni la Eunice Thaxter, 1957.*

Alisoma mara mbili. "Huu mstari wa mwisho si lazima, mama."

"Wifi yangu angeuandika," nilisema. "Nenda kanawe mikono ndipo uishike."