Nilishuka Ukunda nikiwahi meli Mombasa, nikajikuta nimebeba jeneza Waa

Wakuu, hamjambo. Wakubwa zangu shikamooni.

Ninayoyaandika hapa yamenipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki. Wale wenye kazi ya kuandika "chai", yaani uongo, kila uzi, leo mnipishe kidogo. Nimekaa na jambo hili miezi tisa na sijamweleza mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Humu hamnijui, kwa hivyo nitalisema lote.

Mimi ni mtu wa Msambweni. Nimefanya kazi ya jikoni katika hoteli moja kule Galu miaka sita, upande wa mikate. Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa mzee mmoja tukimwita Mzee Bofulo.

(Kwa watu wa bara: bofulo ni mkate wa kawaida, ule mrefu wa dukani. Huku pwani mtu akipachikwa jina limepachikwa. Miaka sita sikuwahi kulijua jina lake lingine, na wala sikuuliza.)

Mzee huyu alikuwa na vituko vyake. Hapimi kwa mizani, anapima kwa kiganja. Ukimsemesha anakanda, hakujibu mpaka amalize.

Na alikuwa na sharti moja lisilo mjadala: chumvi mwisho. Jioni anakanda unga na maji na hamira, anaufunika kwa kanga, anauacha ulale. Alfajiri akishaswali ndipo anaurudia, anatia chumvi, anakanda mara ya pili. Mimi siku zangu za mwanzo nilitia chumvi jioni ili nimalize kazi mapema. Aliumwaga unga wote mbele yangu, kilo kumi, akaniambia, "Haya, anza upya. Chumvi ina wakati wake." Nilimchukia kama wiki mbili hivi.

Turudi kwenye safari.

Nikapata kazi kwenye meli ya watalii, zile kubwa zinazotia nanga Mombasa kwa siku moja kisha zinaondoka. Msaidizi wa mwokaji mikate. Nilikuwa nimeitafuta kazi hii tangu nikiwa kijana, nikaenda Nairobi mwaka mzima nikiuza kahawa na kufuatilia makaratasi. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, barua ikatoka. Nilimpigia Mzee Bofulo siku ileile nikamwambia, "Mzee, tarehe fulani napanda meli."

Akacheka sana. Akasema, "Utapita kuaga?"

Nikamwambia, "Inshallah, Mzee."

Nyote mnaijua ile inshallah ya kumridhisha mtu mzima. Ndiyo hiyo niliyomwambia.

Wiki ya mwisho alinipigia mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye foleni ya chanjo. Mara ya pili nilikuwa na wateja. Mara ya tatu, wakuu, nilikuwa nimekaa tu kitandani. Niliiangalia simu ikiita mpaka ikakata. Nilikuwa na mpango wangu: nikishaingia melini nitampigia kwa video, nimwonyeshe jiko na oveni zake, ashtuke afurahi. Sikutaka kuharibu utamu kwa kuongea naye kabla.

Lile grupu la wafanyakazi wa jikoni Galu nalo nilikuwa nimelizima sauti zamani kwa sababu ya vichekesho vya kila asubuhi. Kumbukeni hilo.

Barua ilisema niwe getini bandarini kabla ya saa kumi alasiri, asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Asubuhi hiyo ndege za kutoka Nairobi kwenda Mombasa zilikuwa zimejaa. Ikabaki nafasi moja ya Ukunda. Nikasema hewala, mimi mwenyeji, kutoka Ukunda mpaka bandarini ni kitu gani? Boda mpaka steji, matatu mpaka Likoni, feri kwa miguu, tuktuk mpaka getini. Njia hiyo naipita nimefumba macho.

Ndege ikachelewa. Tukatua Ukunda saa sita na nusu.

Nje ya uwanja madereva wa teksi wakanizunguka, nikawapita kichwa juu. Mwenyeji apande teksi kwao? Kiburi hicho, wakuu, ndicho kilichonipeleka steji.

Gari likajaa upesi, tukatoka kabla ya saa saba. Nilikaa nyuma ya dereva, mtu wa makamo mwenye kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, mpole, anaendesha kistaarabu. Pembeni yangu mama mmoja mtu mzima, amevaa buibui, anarudi kwake Likoni. Nikamwamkia, tukazungumza, nikamweleza habari za meli. Akaniombea dua palepale. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: saa nane Likoni, saa tisa ng'ambo, nibaki na saa nzima ya kupiga kifua.

Tulipokaribia Waa nikamkumbuka Mzee Bofulo, maana nilijua anakaa Waa ingawa sikuwahi kufika kwake. Nikajisemea, leo jioni nitampigia nikiwa melini.

Hatukwenda mbali, magari ya mbele yakasimama.

Jeneza lilikuwa linavuka barabara. Watu wametoka msikitini baada ya adhuhuri, wanaume tupu, mwendo wa haraka, la ilaha illa llah imejaa barabara nzima. Dereva wetu akaweka gari pembeni, akazima, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa kanzu, akashuka. Kondakta naye akashuka. Wanaume wote wakashuka.

Huo ndio utaratibu wetu huku, sina la kuulaumu. Ukikutana na maiti unasindikiza, hata hatua chache, unatia bega kisha unarudi kwenye shughuli zako. Lakini mimi nilikuwa na saa mkononi. Nikabaki nimekaa, natazama.

Yule mama akanigeukia.

"Mwanangu, na wewe hushuki?"

"Mama, nina meli saa kumi."

"Meli unayo. Na yule pale hana tena safari nyingine. Shuka, ukatie bega, Mola atakufungulia na yako."

Nikashuka. Na ukweli nisiufiche: nilishuka ili nimfuate dereva mwenye ufunguo, maana nilimwona hakurudi baada ya zile hatua chache. Alishaingia chini ya jeneza, anakwenda nalo.

Nikakimbia nyuma yao kwenye njia ya mchanga katikati ya minazi. Nilipowafikia tu, jamaa mmoja aliyechoka akanipisha, na ule mti wa jeneza ukanikalia begani kabla sijasema lolote. Walionizunguka wote wafupi, mimi mrefu, kwa hivyo uzito wote ukanishukia mimi. Nikawa nafuata, natafuta kofia ya vito kwa macho.

Nikamwuliza wa mbele yangu, "Marehemu ni nani?"

"Hamisi Salimu, Allah amrehemu. Kaondoka leo alfajiri."

Nikasema amin. Sikumjua Hamisi Salimu. Nikaendelea kupiga hesabu ya feri nikiwa chini ya jeneza lake.

Tukafika makaburini. Jeneza likashushwa. Nikamwona dereva upande wa pili, nikaanza kuzunguka watu ili nimnong'oneze habari za ufunguo. Hapo ndipo mtu akanikumbatia kwa nguvu, uso wake umelowa machozi.

Ni Rama. Rama ni mtoto wa kwanza wa Mzee Bofulo, alikuwa akija hotelini kumchukua baba yake kwa pikipiki.

"Juma, ahsante ndugu yangu. Ahsante kwa kuja. Alisema utakuja."

Nikamwuliza, "Kuja wapi?"

Akanitazama kama mtu asiyeelewa. "Kumzika Mzee."

"Mzee nani, Rama?"

Aligeuka tu akatazama kule kaburini, na mimi nikatazama.

Nilikaa chini mchangani na suruali yangu ya safari. Nilikuwa nimembeba kwa bega langu mwenyewe mwendo mzima, nikiwaza feri.

Rama akachutama karibu yangu. Akaniambia kwamba Mzee alikuwa ananipigia ili kunikumbusha nipitie Ukunda, nisishukie Mombasa, nifike kwake niage. Sikupokea, lakini hakukasirika. Alisema, "Juma hawezi kuvuka maji bila kuniaga. Atashukia Ukunda tu." Jana yake jioni alikanda unga wa mkate wangu wa safari, akaufunika. Alfajiri alitia udhu, akasema kifua kimembana, akalala kidogo. Hakuamka.

"Habari tuliituma kwenye grupu alfajiri," Rama akasema. "Nikajua umeiona, ndiyo maana umekuja moja kwa moja kutoka uwanjani."

Sikumsahihisha.

Nilitia mafumba matatu ya mchanga. Nilikaa mpaka dua ya mwisho, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuangalia saa. Rama ndiye aliyeangalia. Akanisukuma mgongoni: "Saa nane hii. Nenda. Ukiikosa meli kwa ajili yake atakusema huko aliko." Dereva akasikia, akanishika mkono, tukarudi barabarani mbio.

Kwenye gari hakuna aliyelalamika. Wale akina mama waliobaki walikuwa wameletewa maji na vipande vya mkate kutoka nyumba ya msiba, iko palepale kando ya njia. Yule mama wa buibui alikuwa na kitu kimefungwa kwa karatasi mapajani.

"Hili bofulo lako," akaniambia. "Wametoka wakasema ni unga wa marehemu, umeumuka wenyewe, si vizuri kuutupa, wameuoka. Nikawaambia ninaye abiria kenda kubeba jeneza, nimwekee lake."

Yeye hakujua lolote. Nilipokea kwa mikono miwili. Bado lilikuwa na joto.

Njia nzima mpaka Likoni niliupakata ule mkate. Mama akanitazama mchanga wa magotini, akanitazama uso, akaacha kuuliza. Feri nilivuka nimesimama na mkate kifuani. Watu wakanipita, wakanisukuma, sikuhisi kitu.

Tuktuk ikanifikisha getini saa kumi kasorobo. Mlinzi, dada mmoja mwenye adabu zake, akaangalia barua, pasi, begi. Kisha akaona karatasi.

"Kaka, chakula cha nje hakiingii melini. Utakiacha hapa."

"Kuacha siwezi, dada."

"Basi kile hapohapo, una dakika chache."

Nikakaa kwenye jiwe kando ya geti. Dereva wa tuktuk alikuwa hajaondoka, anatafuta abiria wa kurudi naye, nikammegea nusu. Tukala.

Ule ulaini nilioujua. Ganda lile. Nilipofika tonge la pili nikaacha kutafuna.

Dereva wa tuktuk akasema, "Mkate safi huu, bwana. Ila aliyeupika kasahau chumvi."

Hakusahau, wakuu. Hakuifikia.

Wale wanawake hawakujua. Waliona unga umeumuka, wakaoka. Katika watu wote waliokula ule mkate siku ile, labda ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini haukuwa na chumvi. Nililia pale getini mbele ya mlinzi na dereva wa tuktuk, mtu mzima mimi, na nikaumaliza wote mpaka makombo. Kisha nikanawa uso kwa maji ya chupa, nikaingia melini.

Mkataba wa kwanza umekwisha, nimerudi juzi. Kule melini chumvi natia mwisho. Mkuu wangu wa jikoni, Mfilipino, aliuliza sababu, nikamwambia ndivyo nilivyofundishwa.

Nimejifunza nini? La njia ni dogo: ukienda kupanda meli, usitegemee "mimi mwenyeji", jiachie nusu siku. Na nafasi ikiwa ndogo, meza kiburi upande teksi. Lakini mimi, wakuu, nikifikiria kwamba ningepanda teksi siku ile, ningempita Mzee Waa nikiwa nyuma ya kioo, nashindwa kujilaumu kwa matatu ile.

La kubwa ndilo lililonileta humu. Kesho naenda Waa, nimemnunulia Rama zawadi ndogo. Familia nzima mpaka leo inaamini nilishukia Ukunda kwa ajili ya Mzee. Mama yao husimulia hivyo kwa kila mgeni, kwamba Juma alitoka Nairobi akaja moja kwa moja kumbeba. Nasikia ndicho kinachomliwaza.

Na mimi nilishukia Ukunda kwa sababu ya kiti kilichobaki.

Nimwambie Rama ukweli, au niyaache mambo kama yalivyo? Nitasoma majibu yote kabla sijatoka asubuhi. Ila kama kwenye simu yako kuna mtu uliyesema utampigia baadaye, naomba umpigie huyo kwanza, ndipo urudi unijibu mimi.