Kila Samaki na Selfu Yake

Harufu ya majani makavu ya mti wa mkungu yaliyolowekwa kwenye ndoo hunirudisha Mikumi, hata nikiwa katikati ya soko la Kilosa na mikono imejaa mizigo. Inafanana na harufu ya chai iliyosahaulika kwenye sufuria. Katika nyumba ya wageni ya Shangazi Mwanahawa ilichanganyika na moshi wa dizeli wa malori yaliyoegeshwa kando ya barabara kuu, na joto la shuka zilizotoka kupigwa pasi. Nilikuwa na miaka tisa, likizo ya mwezi wa sita, asubuhi za baridi inayoingia hadi kwenye meno. Mama alikuwa amehama nyumbani kwetu Masanze na kupanga chumba Kilosa mjini. Baba alibaki shambani. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja kunichukua nikae kwake mpaka wakubwa wapoe. Baba hakuwahi kumwinulia mama mkono, lakini maneno yake yalimfuata mama jikoni, kisimani, mpaka kitandani, na mama alikuwa amekonda. Hayo niliyaona na bado sikuyajali. Nilitaka jambo moja tu, warudi kukaa nyumba moja.

Shangazi nilimpenda na kumwogopa kwa kipimo kilekile. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na madereva waliomzidi urefu mara mbili walivua kofia wakimsalimia. Alijua kwa kumtazama mtu mlangoni kama anataka chumba cha kawaida au selfu, yaani chenye choo na bafu vyake. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka kuliko wake, alinipa kazi ya kuandika kitabu cha wageni: jina, atokako, aendako, chumba. Juu ya kaunta, pale nilipoandikia, palikuwa na tangi la kioo alilotengenezewa na fundi wa madirisha ya alumini, na ndani yake aliishi samaki mmoja wa aina ya beta, wa buluu iliyokolea, mapezi yake marefu yakiburuzika kama kanga ya bi harusi. Dereva mmoja mteja wake alimleta kutoka Dar es Salaam ndani ya chupa ya maji. Shangazi alimwita Meneja, kwa sababu alizunguka tangi kutwa nzima akikagua.

Sijaona tena mtu akimhudumia kiumbe mdogo kwa heshima ile. Maji ya bomba hakuyamimina moja kwa moja. Aliyaacha kwenye ndoo wazi mpaka kesho yake ili dawa itoke, akatumbukiza jani la mkungu, kisha akayapima joto kwa kiwiko kama mama anayemwogesha mtoto mchanga. Hakubadilisha maji yote kwa mkupuo, alipunguza robo na kujaza robo. Tangi lenyewe liliegemea ukuta wa jiko ili lisipate baridi, na juu alifunika kwa wavu wa dirishani, maana Meneja alikuwa hodari wa kuruka na pia alihitaji kupanda juu kuvuta hewa. Mimi niliyekuwa na haraka ya kila kitu nilijifunza kusubiri ndoo ile.

Kisha yule dereva akaleta jike, mdogo, rangi ya mchanga, mapezi mafupi. Shangazi akampa jina la Mgeni, akamweka kwenye beseni la kioo peke yake na kuniambia nisimguse mpaka atakapojua la kufanya. Siku ya tatu niliona juu ya maji ya Meneja povu jeupe limepangwa vizuri pembeni, tone kwa tone. Mtoto mwingine angedhani maji yameingia sabuni. Mimi, mtoto wa nyumba ya wageni, nilielewa mara moja kwamba Meneja ametandika kitanda. Shangazi alikuwa uani anaanika shuka. Nilifungua kitabu, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: Meneja na Mgeni, watokako Dar es Salaam, chumba kimoja. Sehemu ya waendako niliiacha wazi. Halafu nikammimina Mgeni ndani.

Kwa muda walitazamana, na moyo wangu ulijaa furaha. Meneja akatanua mapezi na mashavu mpaka akawa mkubwa mara mbili, nikadhani anamkaribisha. Kilichofuata nilikitazama bila kuweza kusogea. Alimfukuza kona hadi kona, akimng'ata mkia, na kwenye tangi lile hapakuwa na mmea wala jiwe la kujificha. Nilipopata sauti nikamwita shangazi. Alikuja na kibanio cha nguo bado mdomoni, akamchota Mgeni kwa kikombe. Mapezi yake yalikuwa yamebaki nyuzi.

"Alikuwa ametandika," nilimwambia huku nalia. "Nilidhani watazoeana."

"Ametandika chake," alinijibu. "Hilo povu ni la mayai. Hata jike angetaga, dume angemfukuza palepale."

Hakunipiga. Alikata mfuniko wa ndoo nyeupe ukaenea katikati ya tangi, akautoboa kwa msumari wa moto ili maji yapite lakini wasionane. Alimuuguza Mgeni kwenye beseni kwa maji safi ya vuguvugu na chembe za chumvi ya mawe, na mimi nikawa nesi wake. Alipoanza kula, akahamishiwa upande wake. "Sasa kila samaki na selfu yake," shangazi akasema.

Jumapili iliyofuata baba alikuja. Alimwamkia dada yake, akaniitikia shikamoo yangu bila kunitazama, akakaa karibu na kaunta. Alitaka shangazi aende Kilosa kumrudisha mama, maana mama asingemkatalia wifi yake huyo. "Akirudi tu, dada, tutazoeana," alisema. Nilishika kalamu kwa nguvu. Neno la shangazi lingetosha, na sote watatu tulijua hivyo.

Shangazi akanigeukia. "Mweleze baba yako ulichokiona kwenye tangi."

Nilimweleza yote, tangu kitanda cha povu mpaka nyuzi. Baba aliinama akamtazama Mgeni kwa muda mrefu, mapezi yake yakianza kuota upya, meupe na membamba.

"Kilosa nitakwenda," shangazi alimwambia taratibu. "Nitakwenda kumuuliza anataka nini. Kumrudisha, hapana."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana vyumba viwili."

Nilimchukia shangazi kwa wiki nzima na nikamwambia hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa ndoo ya kujaza.

Mama hakurudi Masanze. Alinenepa, akafungua genge, akaanza kuimba tena akipika. Siku hizi ukitaka kujua kama dume na jike la beta wakae pamoja, simu itakujibu kabla hujamaliza kuuliza, na jibu litakuwa lilelile la shangazi. Sikitiko langu ni kwamba hakuna simu itakayokufundisha kiwiko chake. Kila Idi baba huja Kilosa na mchele wa shambani, akanywa kahawa mlangoni kwa mama, wakacheka mambo ya zamani, na kabla jua halijashuka anaaga. Sijasikia sauti ikipanda.

Mwaka jana shangazi alipoacha kazi alinipa kile kitabu cha wageni. Niliutafuta ukurasa wangu. Neno "kimoja" limekatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake limeandikwa "viwili." Na kwenye ile sehemu ya waendako niliyoiacha wazi, kwa mwandiko wake mbaya usiosomeka vizuri, shangazi alikuwa ameandika: "Hawaendi popote. Wapo."