Malipo ya Kitabu cha Punda

Siku fundi cherehani alipomwona msusi kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa anahamia chumba cha jirani, amejitwika kioo kichwani na kukumbatia kikapu cha vitabu. Fundi alidhani ni vitabu vya mitindo ya nywele. Kumbe ni hadithi tupu: za watoto zenye picha, na riwaya za zamani zilizochakaa migongo. Msusi akavipanga juu ya rafu ya vitana, akatangaza kuwa kuazima ni bure, ila anayerudisha sharti aseme alichokiona ndani, mbele ya wote waliokaa kusukwa. Asiposema, hapati kingine.

Fundi alikuwa mtu wa haya. Wateja aliwajibu kwa kichwa, pini mdomoni. Shule aliishia ya msingi, na kitabu hakuwa amekigusa tangu hapo. Akaazima chembamba cha watoto, cha punda aliyegoma kubeba maji, na kwa tamaa tu, juzuu ya kwanza ya riwaya kuukuu. Juzuu hiyo ikamwacha njia panda: bwana harusi aliyechaguliwa mke na baba yake amesimama nje ya mlango wa bibi harusi, mkono kwenye kitasa. Je, aliingia?

Akavirudisha, akaviweka juu ya kigoda, akanyoosha mkono kwenye juzuu ya pili.

"Weee! Malipo kwanza," msusi akamzuia.

"Huyo?" akadakia muuza mboga, nywele nusu zimesukwa. "Labda umtie ufunguo kama saa."

Fundi akatoka mbio, masikio yanawaka moto. Siku zilizofuata kila alichoshona kilikwenda upande. Kitasa kile hakikumtoka akilini.

Hatimaye msusi akamfuata. "Ukuta wetu mwembamba, kaka. Ukishona peke yako unaongea kama redio. Beba hiyo cherehani uje unipindie kitambaa changu cha kufunikia wateja."

Akaja. Akainamisha kichwa, akazungusha gurudumu, na maneno yakaanza kutoka.

"Yule punda alisema hapana ukurasa wa kwanza tu. Bwana harusi ana elimu, ana mashamba, na kitabu kizima ameshindwa neno hilohilo. Nilimcheka. Halafu nikanyamaza, maana hata mimi ni mtu wa kusimama mlangoni."

"Si aingie tu! Bibi harusi ana kosa gani?" muuza mboga akauliza.

"Dada, naye hataki! Hukuona pete aliiacha kwenye sahani? Kitabu cha watoto kinakwambia punda amekasirika, na masikio kinakuchorea. Hiki cha wakubwa kinakuonyesha sahani, basi. Kinakuacha ukasirike mwenyewe."

"Mungu wangu! Nimekisoma mara mbili, hiyo sahani nimeipita!" muuza mboga akasema.

Wakabishana, sauti juu, na fundi juu zaidi. Alipoinua kitambaa, alikuwa ameunganisha pande zote.

"Fundi, umetushonea gunia la viazi!"

Wakacheka mpaka machozi, yeye akiwashinda wote. Msusi akampa juzuu ya pili kwa mikono miwili.

Baada ya hapo rafu nzima aliimaliza. Wapo waliokuja na vichwa vilivyokwisha kusukwa, wamfuate yeye tu.

Msusi alipohamia kwa binti yake, mbali, alimwachia fundi rafu na vitabu vyote. Gari likingoja, akachomoa cha punda akitie mkobani, ampelekee mjukuu. Fundi akasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, mdomoni hana hata pini moja.

"Hakitoki hicho, mama. Malipo kwanza."

Msusi akakibana kitabu kwapani. Wanawake wakapiga vigelegele. Honi ikalia nje, naye akapenya chini ya mkono wa fundi huku akicheka.

"Nidai, kaka! Siku ukinikamata, nitakusimulia huyo punda mpaka uombe poo."