Kitanda cha Nyanya na Mtakatifu wa Ufagio

Juzi nilirudi Mombasa, nikaketi ufukweni Mama Ngina jioni kama watu wengine, mkononi mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Mzee mmoja aliyechakaa akapita akinyoosha kiganja. Muuza mihogo akamfokea, "Ondoka hapa bwana, wanifukuzia wateja!" Watu wakacheka. Nikaiweka mihogo kando. Nilimkumbuka nyanya yangu, na huwezi kumkumbuka nyanya bila mtakatifu wake.

Nilipokuwa mtoto, mimi na nyanya tulipanga chumba katika nyumba moja ya Mji wa Kale, sisi watu wa bara, Wakatoliki, katikati ya Waislamu. Babu alikuwa mtu wa reli, na alishafariki. Asubuhi niliamshwa na mkwaruzo wa mbuzi ya nazi kwa jirani, kisha ikaja harufu ya iliki ya mahamri aliyokuwa akiuza. Kazi yangu ilikuwa kufagia ua. Nikifagia ovyo, nyanya alisema, "Fagia kama vile mtakatifu anakutazama."

Naye mtakatifu alikuwa pale kwenye picha ukutani, mtawa mweusi aliyeshika ufagio. Mwalimu wa katekisimu alitusimulia maisha yake: mama yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, baba yake bwana mkubwa aliyeona haya kumkubali mtoto kwa sababu ya rangi. Akajifunza kunyoa na kutibu vidonda, akaingia utawani kama mtumishi, akawa analisha maskini mlangoni. Siku moja alimwokota ombaomba mwenye vidonda akamlaza kitandani mwake mwenyewe. Wenzake wakalalamika, lakini mgonjwa akapona. Sisi watoto tulisikia hadithi. Nyanya alisikia agizo.

Mwaka wa kwanza alipika kuku siku ya mtakatifu, mwanzo wa Novemba, akawaita wale maskini waliozoea kupita Biashara Street kila Ijumaa wakipokea sadaka madukani. Wakaketi uani, sahani zikajaa. Bibi mmoja akauliza kwa upole, "Kuku huyu kachinjwa na nani, mama?"

"Na mimi mwenyewe!" nyanya akajibu kwa fahari.

Mikono ikarudi mapajani. Walishukuru kwa adabu, wakainuka mmoja mmoja. Jirani alicheka hadi akashika ukuta. "Mwenzangu! Wawalisha Waislamu nyamafu? Si ungebisha hodi tu, mume wangu yupo ndani hana kazi!"

"Nani hana kazi?" mumewe akaitikia kutoka chumbani.

Tangu hapo akawa anachinja yeye, jirani akitoa tui, na ua ukajaa watu kila mwaka. Sijaonja tena mchuzi kama ule.

Kisha mwaka mmoja ikaja mvua kubwa. Miongoni mwa wale maskini alikuwamo mzee aliyekuwa zamani hamali wa bandarini, akilala kwenye baraza la duka. Nyanya alimkuta amelowa, anakohoa mpaka anajikunja. Akamleta nyumbani, akamlaza kitandani mwake, yeye akatandika mkeka.

Jirani alisimama mlangoni, mtandio puani. "Mpeleke hospitali. Hicho si kikohozi cha baridi."

"Mtakatifu hakuuliza ni kikohozi gani."

"Mtakatifu wako hakuwa na mjukuu!"

Nyanya akageuka, akamfunika mzee. Jioni ile akanikabidhi kwa jirani pamoja na nguo zangu za shule, lakini mzee hakumtoa. Kila asubuhi nilisimama nje ya chumba chetu nikisikiliza. Niliomba mzee apone upesi kama yule wa kwenye hadithi, nyanya apate kitanda chake, nami nirudi kwake. Asubuhi moja nikasikia wawili wanakohoa.

Mzee alifariki. Wanaume wa mtaa wakamvisha sanda, wakamzika kwa heshima. Hospitali nyanya alipelekwa akiwa amechelewa. Mjomba akaja kumchukua ampeleke bara. Nyanya alikuwa amekuwa mwepesi, mjomba akambeba kwa mikono miwili kama nguo zilizoanuliwa. Mimi nikaachwa kwa jirani hadi shule zifungwe. Habari ya kifo cha nyanya ikatukuta huko huko, siku chache kabla ya siku ya mtakatifu.

Leo ua ule umeezekwa mabati, ni ghala la magodoro. Jirani na mumewe wamekwishatangulia. Nimehama miji mingi, nikaingia makanisa mengi, nikimtafuta mtu mmoja wa kunionyesha nyanya alipata nini kwa wema wake. Maisha ya mtakatifu yaliandikwa na watu waliojua yaliisha vipi. Ya nyanya hakuna anayeyasimulia ila mimi, na mimi siyaelewi.

Mwaka ule, siku ya mtakatifu, maskini walikuja kama kawaida. Jirani aliwagawia mahamri yote ya biashara yake. Walikula, lakini hakuna aliyeinuka. Bibi mmoja akauliza, "Mama mwenyewe yuko wapi?"

Jirani alitazama chini. "Kenda kwao," akasema. "Atarudi."

Wakaamini. Ijumaa iliyofuata walikuja wakaketi uani, na ile iliyofuata, kila mara wachache zaidi, sahani zao magotini, wakitazama mlango wa chumba ambamo tayari alikuwa akiishi mpangaji mwingine.